Jinsi Verlin Hoekstra Alivyompumzisha Mwanawe

Septemba ikifika, mji wetu wa Oosterveld, kaskazini-magharibi mwa Iowa, huwa kama mtu anayesinzia baada ya kushiba. Mahindi yamekauka mashambani na majani yake yanachakarika hata pasipo upepo. Vumbi la mashine za kuvunia linaning'inia hewani, jua linalipenya, na mchana mzima unageuka rangi ya asali. Huo ndio mchana aliokuwa akiupenda Verlin Hoekstra. Alikuwa akiketi kwenye baraza ya mbele, miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, redio ikimsimulia besiboli kwa sauti ya chini, kahawa ikimpoea pembeni. Mkewe Arlys yuko jikoni anamenya matufaha, na harufu ya mdalasini inatoka dirishani. Ungewapita barabarani ungesema hawa wawili wameshafika, hawana wanalolitafuta tena.

Nami ningekubaliana nawe, kama si ile simu iliyokuwa haibanduki pajani mwake.

Verlin alikuwa na miaka sitini na minane. Alifuga nguruwe miaka arobaini hadi magoti yalipomgomea. Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Brandt, ambaye tangu utotoni alikuwa akirusha mpira kwenye ukuta wa ghala mpaka mbao zikapasuka. Kurusha huko kulimfikisha mbali. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, na alikuwa mrushaji wa klabu kubwa ya jiji moja la mashariki, ambalo silitaji kwa sababu klabu haina kosa lolote katika habari hii. Yeye ndiye anayesimama katikati ya uwanja, juu ya kilima kidogo cha udongo, na kuanza mchezo kwa kumrushia mpigaji wa kwanza. Kazi hiyo huula mkono. Ndiyo maana mrushaji wa kuanza hurusha siku moja, kisha hupumzishwa siku nne au tano.

Basi mwaka ule Brandt alipochukuliwa na klabu hiyo, miaka saba iliyopita, Verlin alijiunga na ligi ya mkahawa wa Loretta Mouw. Ni ligi ya kubuni. Watu kumi wa mji wetu wanakutana kila Machi, kila mmoja anajichagulia wachezaji wa kweli wa klabu mbalimbali, anawapanga kwenye simu kama timu yake, mahali ambapo kila mtu anaweza kuiona, na kila wanachokifanya wale wachezaji uwanjani kinamletea pointi au kinamvuta chini. Brandt hakuna aliyewahi kumgombea. Kila Machi, kabla hata kahawa haijamiminwa, Loretta husema, "Huyo ni wa baba yake," na kuandika.

Mwanzoni yalikuwa mapenzi, na nataka mlijue hilo kabla sijaanza kumsema mzee wa watu. Alimkumbuka mwanawe. Kuliona jina lake juu kabisa ya orodha kila wiki kulikuwa kama kumwona amekaa mezani. Na Brandt mwenyewe alikuwa akipiga simu kila Jumatatu asubuhi, na neno lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Baba, wiki hii umenipanga?" Na Verlin hujibu, "Kwani nina mwingine?" Kisha wote wawili wanacheka.

Lakini ligi ile ina sheria moja ambayo ndiyo iliyomlevya. Mchezo wa besiboli umegawanyika katika zamu tisa, na timu yako ya kubuni inaruhusiwa zamu elfu moja na mia tatu tu za urushaji kwa mwaka. Ukizimaliza mapema, warushaji wako watarusha hadi jua lichwe na hupati kitu. Kwa hiyo ufundi wote uko katika kujua nani atumike na nani apumzishwe. Hapo Verlin alikuwa bingwa. Mtu aliyelisha nguruwe miaka arobaini humjua mnyama asiye sawa kwa kumtazama tu anavyosimama, na Verlin aliwatazama warushaji wake kwa jicho hilo hilo. Alinunua daftari la shule, akaandika zamu za kila mmoja kwa penseli. "Huyu kachoka," angemwambia Arlys. "Huyu bega linamtoa jasho, nampumzisha wiki hii." Kuna siku, wakisali kabla ya chakula, alimwomba Mungu akiangalie kiwiko cha kijana mmoja wa visiwa vya Karibi ambaye hajapata kumwona maishani. Arlys alifumbua jicho moja.

"Verlin, ni nani huyo?"

"Ana zamu mia na sitini na nne mpaka sasa, Arlys. Si mchezo."

"Na mimi nina goti linaloniuma tangu Mei. Niandike na mimi kwenye daftari."

Alicheka, naye akacheka, wakala. Lakini goti la Arlys halikuandikwa popote, wala hakuuliza tena.

Ndivyo majira yalivyopita, taratibu, kama wingu lisilo na haraka. Verlin alikuwa akiamka na kusinzia na kuamka tena barazani, na kati ya usingizi na macho aliwaona warushaji wake sita wamelala safu moja kwenye majani mabichi, mikono yao juu ya mito, naye anapita kati yao akiwafunika. Aliniambia hivyo mwenyewe, baadaye sana. Alisema hajawahi kujiona mtu mwema kama alivyojiona kiangazi kile.

Ikafika wiki ya mwisho. Verlin anaongoza, Loretta anamfuata kwa pointi moja. Jumapili, baada ya ibada, watu wakiwa wamesimama na mikate yenye nyama ya paja la nguruwe mikononi, Loretta alimpita na birika la kahawa.

"Mzee, jiandae. Mwaka huu nakunyoa bila maji."

"Wembe wako butu, Loretta."

"Tutaona. Kesho saa sita mchana orodha zinafungwa. Usije ukasinzia hapo barazani."

Watu wakacheka. Verlin alicheka pia, ila kichwani alikuwa akipiga hesabu. Alikuwa amebakiwa na zamu thelathini na moja tu za kutumia, na kila mmoja wa warushaji wake alikuwa akihesabiwa.

Jumatatu, saa tano na nusu, Verlin akiwa jikoni, simu ikalia. Brandt. Lakini siku hiyo hakuuliza kama amepangwa.

"Baba, uko peke yako?"

"Mama yako yuko bustanini, anachuma nyanya. Vipi?"

"Ni mkono, Baba. Kiwiko. Wiki ya pili sasa. Nikifika zamu ya nne, vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi. Nashika mpira siusikii."

"Umewaambia madaktari wa timu?"

"Bado. Tumebakiza wiki moja na tunaongoza kwa mchezo mmoja tu. Nikifungua mdomo, wananiweka kando papo hapo. Wenzangu wananitegemea. Lakini naogopa, Baba. Naogopa kweli. Sijamwambia mtu, nimekupigia wewe kwanza. Ukisema niseme, nawaambia leo leo."

Hebu simameni hapa nami kidogo. Mwanamume wa miaka ishirini na tisa, mwenye mkono unaojulikana nchi nzima, anamwuliza baba yake nini afanye, na anaahidi kulifuata jibu. Ni wangapi kati yetu watoto wetu wakubwa wanatuuliza hivyo? Neno moja tu lilikuwa linahitajika.

Verlin alisikia. Moyo ulimruka, naapa kwamba ulimruka, kwa sababu ni baba. Kisha macho yake yakaangukia saa ya jiko: saa tano na dakika thelathini na nane. Na akili yake, ikiwa imezoezwa kiangazi kizima kupita njia moja, ikapita njia hiyo hiyo. Ganzi zamu ya nne. Jumatano ndiyo siku yake. Atapigwa vibaya. Atanivuta chini. Kuna yule Osvaldo Querales wa pwani ya magharibi, hajachukuliwa na mtu, anarusha mara mbili wiki hii, na timu zote mbili anazokutana nazo ni dhaifu. Loretta akimwona kabla yangu?

"Baba? Upo?"

"Nipo, nipo. Sikiliza, mwanangu. Wewe ndiye unayeujua mkono wako. Tulia kwanza. Tutaongea vizuri baadaye, sawa? Nitakupigia."



"Sawa, Baba. Utanipigia leo?"

"Leo leo."

Akakata. Akamchukua Querales. Kisha akagusa jina la Brandt Hoekstra, ambalo kwa miaka saba halijapata kutoka mahali pake, akalishusha hadi benchi. "Pumzika, mwanangu," aliiambia simu kwa sauti, na kweli machozi yalimlengalenga. Ilikuwa saa tano na dakika hamsini na nne.

Na hapo ndipo pana jambo la kutisha kuliko yote, ingawa halikutoa kelele. Baada ya kufanya hivyo, Verlin alitulia. Alijisikia amekwisha kufanya kitu. Alikwenda kuketi barazani, jua limemwangukia magotini, na alipofumba macho alimwona Brandt amelala kwenye majani pamoja na wale wengine, mkono juu ya mto.

Arlys akatokea bustanini na kapu la nyanya.

"Alikuwa Brandt?"

"Anakusalimu."

"Anaendeleaje?"

"Yuko sawa."

"Mbona hukuniita? Sauti yake ilikuwaje?"

"Ya kawaida, Arlys. Ya kawaida."

Kwa nini alimdanganya? Nimemwuliza. Anasema alijua Arlys angeinyakua simu pale pale na kumwambia mtoto aache kurusha, na yeye alitaka kuwa wa kwanza kumwambia, kwa utulivu, akishamaliza mambo ya siku. Lakini saa saba mrushaji wake mmoja akaanza mchezo kusini, na saa kumi mwingine akaanza kwingine, kisha joto likamlaza. Jumanne Querales alirusha zamu saba bila kuruhusu hata alama moja, na Verlin akapiga makofi peke yake barazani hadi mbwa wa jirani akabweka. Kila wazo la kumpigia mwanawe lilipomjia, aliifungua simu, akaliona jina liko benchi, na wazo likaondoka lenyewe. Amepumzika yule. Nilishampumzisha.

Jumatano mchana Arlys aliwasha runinga sebuleni, akaja na sahani ya vitafunio vya lozi.

"Njoo, anaanza."

"Nani anaanza?"

"Nani tena? Mwanao! Leo siku yake, kwani umeota?"

Verlin akasimama mlangoni. Kwenye kioo, Brandt alikuwa akikipanda kile kilima kidogo cha udongo, kofia imeshushwa machoni, akiukunjua na kuukunja mkono wa kulia. Verlin aliitoa simu mfukoni akapiga. Ikaita, ikaita. Simu ya Brandt ilikuwa kabatini, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, maelfu ya watu kati yake na mwenye nayo.

Zamu ya kwanza ikapita, nzuri. Ya pili nzuri. Sebule ilikuwa kimya na ya dhahabu, pazia likipumua, na Verlin alitamani mchana ule usimame hivyo hivyo, zamu ya tatu isiishe kamwe. Ikaisha. Ikaja ya nne. Brandt aliuangalia mpira mkononi kana kwamba amepewa na mtu asiyemjua. Akarusha, ukaenda mbali na mpigaji. Akarusha tena. Safari hii hakuuangalia mpira ulikokwenda. Alikishika kiwiko kwa mkono wa kushoto, akapiga magoti polepole, akainamisha uso kwenye udongo.

"Vidole," alisema Verlin. Hakujua kwamba amesema.

Arlys alikuwa amejiziba mdomo. Akaushusha mkono, akageuka.

"Vidole gani, Verlin?"

Verlin aliendelea kuitazama runinga.

"Nakuuliza. Vidole gani?"

Mshipa wa kiwiko ulikatika kabisa. Walimpasua mara moja, na miezi miwili baadaye wakampasua tena. Madaktari walisema mwaka mmoja na nusu kabla hajagusa mpira, na kwa mtu wa umri wake hawakuahidi kitu baada ya hapo. Walisema pia, na hili Arlys alilisikia kwa masikio yake hospitalini, kwamba angepumzishwa wiki ile pengine wasingehitaji kisu.

Ligi? Ndiyo, alishinda. Jumapili Querales alirusha tena, akafanya vizuri, na Verlin akamzidi Loretta kwa nusu pointi. Loretta alimfuata nyumbani, lakini si kumpongeza. Hakukubali hata kuketi.

"Wote tuliona umemtoa Jumatatu," alisema. "Tukaambiana, kumbe kijana anaumwa, na baba yake ameshamzuia. Tukafunga midomo, tusimharibie. Jumatano namwona kwenye runinga anarusha. Verlin, ulijua au hukujua?"

"Nilijua."

Loretta akashuka ngazi za baraza bila kuaga.

Brandt alikuja nyumbani Oktoba, mkono umefungwa kwenye chuma na mikanda. Arlys alimkatia nyama vipande vidogo kama alivyokuwa akimkatia zamani. Walikula bila maneno mengi. Mwishowe Verlin akasema alilokuwa amelikariri siku nyingi.

"Mwanangu, nilikuwa nikupigie. Haki ya Mungu, nilikuwa nikupigie."

Brandt aliweka uma chini. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomwumiza mzee zaidi.

"Unajua, Baba, kila Jumatatu huwa naifungua timu yako kabla sijavaa. Miaka saba. Nakuta niko juu kabisa. Wenzangu wananitania, ati nimeajiriwa na baba. Jumatatu ile nikafungua, nikakuta umeniweka benchi."

"Brandt..."

"Ngoja nimalize. Sikukasirika. Nilifurahi, Baba. Nikajiambia, mzee ameamua. Amenielewa. Sasa hivi atanipigia aniambie basi, acha. Nikakaa na simu mkononi. Jumatatu nzima. Jumanne. Jumatano naitwa uwanjani, bado naiangalia. Ungenipigia, nisingetoka."

Arlys alikuwa ameinuka, amesimama kwenye sinki, mgongo umewageukia.

"Ulinitoa kwenye timu yako," alisema Brandt. "Kwenye ile ya kweli ukaniacha."



Brandt sasa anafundisha watoto kurusha, huko huko mashariki. Kwa mkono ule hatarusha tena mbele ya watu. Hupiga simu nyumbani, lakini humpigia mama yake. Verlin akimpigia, anapokea vizuri, kwa adabu: hajambo, anamshukuru Mungu, hali ya hewa ni nzuri, Baba asijisumbue. Ni adabu ambayo mtu humpa mgeni. Ligi Verlin ameiacha, na Loretta hajamwita. Nikipita barazani kwake mchana namwona amekaa na jua lake, macho wazi kabisa. Anasema siku hizi hasinzii.

FUNZO

Ndugu zangu, huyu mzee hakuwa mlevi. Hakumpiga mtu, hakuiba, hakukosa ibada. Mchezo wenyewe si dhambi, na siandiki haya ili watu wautupe. Hata mimi nina timu. Kosa lake lilikuwa kwamba alimsikiliza mwanawe kwa sikio la mchezo. Aliambiwa siri ya maumivu, akaitumia mahali ilipomfaa yeye, akamnyima neno yule aliyekuwa analihitaji. Kisha akaridhika, kwa sababu huruma ya kwenye simu humfanya mtu ajione mwema bila kumtoa kitini.

Kila mmoja wetu ana daftari lake. Mwingine anafuatilia afya ya watu maarufu, mwingine anahesabu hatua zake mwenyewe, mwingine anajua bei ya mahindi ya kila saa. Jiulize ni nani nyumbani mwako hajaandikwa humo. Na aliye wako akikupigia kukwambia kwamba anaumwa na anaogopa, usimwambie baadaye. Kama unalijua la kumwambia, mwambie kabla hujakata simu.